Laini mbili za intaneti, seva moja ya Linux, na ofisi inasimama kila alasiri. Kosa liko wapi?

#1 Msimamizi_Njiro

Wakuu, habari za kazi.

Ofisi yetu ya utalii iko Njiro, Arusha, na ina wafanyakazi wapatao thelathini. Tuna faiba ya megabiti 20 kwa sekunde na ruta ya 4G ambayo usiku hufika 30 na mchana hushuka hadi 8 au chini ya hapo. Zamani nusu ya ofisi ilikuwa upande wa faiba na nusu nyingine upande wa 4G, na laini moja ikilala, nusu ya watu walikaa mikono mitupu huku wenzao wakiendelea na kazi. Ndipo ikafungwa seva ya Debian yenye kadi tatu za mtandao: moja inaelekea kwenye swichi ya ofisi, ya pili kwenye modemu ya faiba (192.168.1.1) na ya tatu kwenye ruta ya 4G (192.168.8.1). Njia ya kutokea ni hii:

`ip route replace default scope global nexthop via 192.168.1.1 dev enp2s0 weight 2 nexthop via 192.168.8.1 dev enp3s0 weight 1`

Zaidi ya hapo kuna MASQUERADE (inayobadilisha anwani za ndani ziwe ya laini husika) kwenye kila kadi ya nje, ip_forward (ruhusa ya kupitisha pakiti) ni 1, na kuna skripti inayopima kila laini kwa ping (pakiti ndogo inayosubiri jibu) ya 8.8.8.8 kila baada ya sekunde 10, inaiondoa laini isiyojibu na kuirudisha ikijibu.

Asubuhi mambo ni shwari. Ikifika saa nane mchana hivi kurasa zinagoma, mazungumzo ya video na mawakala wa nje yanakatika, na mhasibu anatolewa kwenye tovuti ya benki malipo yakiwa katikati. Nikizipima laini moja moja kwa wakati huo huo, zote mbili ziko hai. Tena faili moja kubwa halijawahi kushuka kwa kasi ya laini zote mbili zikijumlishwa. Naomba mwenye uzoefu anieleze kinachotokea.

#2 Fundi_Sakina

Mkuu, tatizo lako limeanzia kwenye hiyo amri. Linux ikipewa njia mbili zenye uzito hugawa pakiti moja moja, hii inapita faiba na inayofuata inapita 4G, kwa hiyo benki inamwona mteja mmoja akizungumza kutoka anwani mbili na inamtoa nje kama mwizi. Nimefunga mitandao ya ofisi nyingi hapa mjini na ushauri wangu haujabadilika: toa hiyo seva, weka ruta ya MikroTik, tumia mgawanyo wake wa PCC (unaogawa muunganisho kwa muunganisho), kisha ulale usingizi.

#3 SevaUsaRiver

Fundi, hapo naomba nikusahihishe, maana uzi huu utasomwa na wengi baadaye. Unayosema yalikuwa kweli kwa kipindi fulani tu. Zamani kerneli (kiini cha Linux) ilikuwa na akiba ya njia, iliyokumbuka kwamba safari ya kwenda anwani fulani ilipitishwa wapi. Akiba hiyo iliondolewa kwenye toleo la 3.6 mwaka 2012, na hapo ndipo pakiti zilipoanza kutawanywa ovyo. Toleo la 4.4 la Januari 2016 lilileta mgawanyo wa hashi: kerneli inachukua anwani ya anayetuma na ya anayetumiwa, inazikokotoa, na matokeo ndiyo yanayoamua laini. Maadamu njia hazijabadilishwa, kompyuta ile ile ikienda kwenye anwani ile ile itapita laini ile ile.

Tangu toleo la 4.12 la mwaka 2017 kuna pia kigezo kinachoitwa `net.ipv4.fib_multipath_hash_policy`. Kikiwa 0 hutazamwa anwani peke yake, lakini kikiwa 1 huongezwa namba za poti, na hapo kompyuta moja inayofungua miunganisho kadhaa kwenda benki ile ile inaweza kuonekana kutoka laini zote mbili. Msimamizi, chako ni ngapi?

Kuhusu faili kubwa usitafute mchawi. Muunganisho mmoja wa TCP (utaratibu unaobeba kurasa na mafaili) unapita laini moja mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo watu thelathini watagawana laini mbili, lakini mtu mmoja hatajumlishiwa. Na hiyo RouterOS ya MikroTik inayosifiwa hapo juu imejengwa juu ya kerneli hii hii ya Linux.

#4 Fundi_Sakina

Kujengwa juu ya kerneli hiyo sikukataa. Nilichosema ni kwamba mtu analala usingizi.

#5 Binti_Themi

Mimi ni mhasibu ambaye kwa bahati mbaya ndiye pia anayeshika funguo za chumba cha seva, kwa hiyo nitazungumza kwa niaba ya mhasibu mwenzangu wa Njiro. Hata kigezo cha #3 kikiwa 0, benki nyingi hazikai kwenye anwani moja. Ukurasa wa kuingilia unaweza kuwa kwenye anwani hii na ukurasa wa malipo kwenye nyingine, na kila anwani ina hashi yake. Fedha haziachiwi bahati nasibu. Kwetu tulitengeneza jedwali la njia tuliloliita faiba, tukaweka ndani yake lango la faiba peke yake, kisha tukaandika:

`ip rule add from 10.10.0.20 table faiba`

Anwani hiyo ni ya kompyuta ya malipo. Inapita faiba tu, na faiba ikilala malipo yanasubiri. Tangu hapo sijatolewa nje ya mfumo wowote wa malipo katikati ya kazi. Angalizo langu ni moja: kama ofisi ina mitandao miwili ya ndani, njia za mitandao hiyo nazo ziingizwe kwenye jedwali hilo, la sivyo kompyuta ya malipo itatafuta printa ya ghorofa ya pili huko kwa mtoa huduma.

#6 MzeeKaloleni

Vijana, mnazungumzia hashi wakati mgonjwa amesema saa ya ugonjwa. Kwa nini saa nane na si saa tatu asubuhi? Kampuni ya utalii mchana inapandisha picha na video za wageni kwenye kurasa zake, na simu za wafanyakazi zilizo kwenye Wi-Fi ya ofisi zinapeleka picha zao kwenye hifadhi za mbali bila hata wenyewe kujua. Upande wa kupandisha ni mwembamba kuliko wa kushusha, hasa kwenye 4G. Ukijaa, ruta inapanga pakiti kwenye foleni ndefu badala ya kuzitupa, na vile vijibu vidogo ambavyo TCP inavisubiri ili iendelee kushusha vinakaa nyuma ya video ya simba. Ukipima kwa ping utaona laini iko hai, lakini jibu linarudi baada ya sekunde nzima.

Dawa yake ipo kwenye kerneli tangu toleo la 4.19 la mwaka 2018, ni mpangaji wa foleni anayeitwa CAKE. Kwa mfano:

`tc qdisc replace dev enp3s0 root cake bandwidth 4mbit nat dual-srchost`

Kasi utakayoandika lazima iwe chini kidogo ya kasi halisi ya kupandisha, ili foleni ihamie kwenye seva yako, ambako ina adabu, badala ya kubaki ndani ya ruta ya 4G usiyoweza kuiamrisha. Neno `nat` usilisahau. Bila hilo CAKE inaiona ofisi nzima kama mtu mmoja, inagawa kwa muunganisho badala ya kwa mtu, na mwenye video ya simba akifungua miunganisho mingi atapewa zaidi ya wenzake.

#7 SevaUsaRiver

Shikamoo Mzee. Foleni naikubali kama mwanzo wa jambo, lakini foleni peke yake ingewafanya watu walalamike kwamba mtandao ni mzito. Mwenzetu anasema mazungumzo yanakatika. Mimi naishuku ile skripti.

Fuatilieni mfululizo huu. Laini ya 4G inajaa, ping inachelewa au inapotea, skripti inaamua kwamba laini imekufa na kuiondoa kwenye njia kuu. Miunganisho yote iliyokuwa kule inasukumiwa faiba, na kwa kuwa ilianza na anwani ya 4G, inakufa. Laini ya 4G sasa haina mzigo, ping inajibu vizuri, skripti inairudisha. Hapa ndipo penye madhara makubwa zaidi, kwa sababu hashi inapigwa upya na karibu theluthi ya miunganisho iliyokuwa imetulia kwenye faiba inahamishiwa 4G, nayo inakufa ilhali faiba haikuwa na kosa lolote. Baada ya muda 4G inajaa tena, na mchezo unaanza upya. Kwa hiyo laini zote mbili ziko hai kila unapozipima, na ofisi bado inalia.

Kinga ni kuupa kila muunganisho mpya alama kwa CONNMARK, kuirudisha alama hiyo kwenye kila pakiti inayofuata, na kuweka `ip rule` ya fwmark (yaani inayosoma alama hiyo) inayoipeleka kila alama kwenye jedwali la laini yake. Muunganisho uliozaliwa faiba utabaki faiba hata njia kuu ikibadilika. Pia skripti isihukumu kwa ping moja, na isitegemee anwani moja ya mbali.

#8 KiboshoRuta

Nawasalimu kutoka Moshi. Wote mnachungulia ndani ya seva, na hakuna aliyeuliza laini hizo zinakutana wapi zikishatoka Njiro. Huku kwetu mlimani mtu anaweza kuchotea maji mifongo miwili, yaani mifereji, na kujiona ana uhakika, kumbe yote miwili imechepushwa kutoka mto mmoja, na mto ukipungua anakosa kotekote. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unasimamiwa na TTCL, na kampuni nyingine hukodi nafasi humo. Huenda faiba yako na mnara wako wa 4G vinasafiri kwenye mkongo huo huo hadi Dar es Salaam.

Baharini hali ni hiyo hiyo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika kwa pamoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku zile ofisi zenye laini mbili kutoka kampuni mbili zilikaa sawa na zenye laini moja. Endesha `mtr`, inayopima kila hatua ya njia, kupitia kila laini saa nane mchana, uone ucheleweshaji unaanzia hatua ya ngapi na kama njia hizo zinakutana.

#9 Fundi_Sakina

Moshi mmefika, na mifereji imefika pamoja nanyi. Sasa tunasubiri migomba na mtori.

Mkuu Kibosho, maelezo ya mkongo ni sahihi, lakini mkongo uliokatika haukatiki saa nane na kupona saa kumi na moja jioni kila siku. Kinachofuata saa ni mnara wa simu. Watu wote wanaouzunguka wanagawana nafasi ile ile ya hewani, na mchana Njiro ni ofisi, shule na nyumba zenye simu mkononi. Mwenye uzi amesema mwenyewe kwamba 4G inatoka 30 usiku hadi 8 mchana. Afungue ukurasa wa ruta, atazame RSRP (nguvu ya mawimbi) na SINR (usafi wake dhidi ya kelele) asubuhi na alasiri. RSRP ikikaa pale pale huku SINR ikishuka, minara inagombana au imejaa, na hakuna amri ya Linux itakayomsaidia. Awekeze kwenye antena ya nje inayoutazama mnara mmoja.

#10 KiboshoRuta

Mtori hautakuja, maana mnauita supu. Mkongo si lazima ukatike ndipo ulete shida. Kampuni ikikodi nafasi ndogo, nafasi hiyo itajaa saa zile zile ambazo watu wote wako kazini. Ndiyo maana nilitaka `mtr` kwa laini zote mbili.

#11 Mgeni_Karatu

Nafanya kazi kambi moja upande wa Karatu ambako tuna 4G dhaifu na satelaiti. Nakubaliana na kila mmoja kwa sehemu, ila nina swali dogo: zile kurasa zinazogoma, zinachelewa kiasi gani kabla ya kufunguka? Kama ni sekunde 5 hivi kisha ukurasa unafunguka wote kwa mkupuo, hiyo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Linux husubiri sekunde 5 kabla ya kujaribu seva ya pili ya majina. Watoa huduma wengi hukataa kujibu maswali ya majina yanayotoka nje ya mtandao wao, kwa hiyo swali la faiba likipitishwa 4G halijibiwi. Tulikaa nalo muda mrefu tukidhani ni satelaiti, kwa sababu satelaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta hula zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi na hivyo ni rahisi kuilaumu kwa kila jambo. Kwenye dnsmasq (programu ya majina kwenye seva yako) weka seva za majina za umma, au uifunge kila seva ya majina kwenye laini yake.

La mwisho, zima rp_filter, ukaguzi wa mlango ambao pakiti inaingilia. Andika `net.ipv4.conf.all.rp_filter=0`, vinginevyo kerneli itatupa pakiti zinazoingia kwa mlango usioutarajia.

#12 SevaUsaRiver

DNS nakuunga mkono. La rp_filter linahitaji marekebisho: kerneli huchukua thamani kubwa kati ya ile ya `all` na ile ya kadi husika, kwa hiyo ukiandika 0 kwenye `all` wakati kadi ina 1, ukaguzi mkali unabaki pale pale. Weka `all` iwe 2, ambayo ni ukaguzi mlegevu, nayo itazishinda zile 1 za kadi zote. Atakayefuata njia ya alama niliyoieleza #7 alikumbuke hili, maana ndipo wengi hukwama.

#13 Msimamizi_Njiro

Nawashukuru wote. Nimefanya baadhi ya mliyosema na naleta majibu.

Kigezo cha #3 kilikuwa 1, kama alivyokiacha fundi aliyetufungia. Nimekiweka 0, na kompyuta ya mhasibu nimeipa jedwali lake kama alivyoeleza Binti_Themi. Benki imetulia kabisa. Majina nimeyahamishia seva za umma, na kule kusubiri kabla ya ukurasa kufunguka kumepungua, ingawa hakujaisha.

Alasiri bado ni mbaya. Nimesoma logi ya skripti: kuanzia saa nane 4G inatolewa na kurudishwa mara nyingi ndani ya saa moja, na faiba haijatolewa hata mara moja. Ping ya 4G kabla ya kutolewa huwa imepanda kutoka milisekunde 60 hadi zaidi ya 1,400. RSRP haibadiliki sana, bali SINR inashuka mchana. Kwenye `mtr`, ucheleweshaji wa 4G unaanzia hatua ya kwanza baada ya ruta, na wa faiba ni wa kawaida hadi mbali, isipokuwa pakiti chache zinazopotea katikati ya njia.

#14 MzeeKaloleni

Kutoka 60 hadi 1,400 ni foleni. Sina la kuongeza.

#15 SevaUsaRiver

Mzee, nina la kuongeza. Kutolewa na kurudishwa mara nyingi ndani ya saa moja ndiko kunakoua mazungumzo ya video, hata yale yaliyopita faiba, ambayo haikuwa na foleni.

#16 Fundi_Sakina

SINR imeshuka, na ucheleweshaji umeanzia hewani. Antena.

#17 KiboshoRuta

Pakiti zinazopotea katikati ya njia ya faiba mmeziruka wote. Nakubali kwamba hatua ya katikati inaweza kupuuza vipimo huku ikipitisha mizigo kama kawaida, kwa hiyo zinakuwa na maana tu kama upotevu unaendelea hadi hatua ya mwisho. Msimamizi, je, hatua ya mwisho nayo ilipoteza?

#18 Binti_Themi

Wakati anatafuta jibu, naomba kuuliza kwa upande wa anayelipa. Niliambiwa zamani kwamba ipo njia ya kujumlisha kweli kweli, muunganisho mmoja ukapita laini zote mbili. Kama ipo, kwa nini tunahangaika na hashi?

#19 SevaUsaRiver

Ipo, dada. Inaitwa Multipath TCP, na imo kwenye kerneli rasmi tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020; kuna mfumo uitwao OpenMPTCProuter unaoirahisisha. Sharti lake ni kuwa na seva nyingine nje, kwenye kituo cha data chenye laini nene, ambako vipande vya laini zote mbili vinaunganishwa tena. Utalipia seva hiyo kila mwezi, safari zako zote zitazunguka huko, na benki itaona anwani ya kituo cha data badala ya anwani ya Arusha, jambo ambalo baadhi ya benki hulitilia shaka. Tena njia yenyewe ni VPN, na mwaka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN wajisajili, kwa hiyo ofisi yenye leseni isianze kabla ya kulishughulikia hilo. Na laini moja ikiwa na ucheleweshaji wa milisekunde 1,400, kuijumlisha na nzuri kunaweza kuiharibu ile nzuri.

#20 Msimamizi_Njiro

Mkuu Kibosho, hatua ya mwisho ya faiba ilipoteza, ila kidogo sana na si kila nilipopima. Jana nilijaribu CAKE kwa 4mbit upande wa 4G. Skripti ilitulia, lakini baadaye 4G ilishuka yenyewe chini ya hapo na ping ikapanda tena.

#21 MzeeKaloleni

Weka 2mbit.

#22 Fundi_Sakina

Mzee, ukibana hadi 2 asubuhi ambapo laini ina 10 ya kupandisha, unatupa fedha za watu. Kasi ya 4G haitulii, na CAKE inataka umwandikie namba moja. Bora 4G itolewe kwenye mgawanyo, ibaki ya akiba tu, iingie faiba ikilala. Skripti haitakuwa na cha kutoa na kurudisha, na foleni haitakuwepo.

#23 SevaUsaRiver

Kwa ofisi hii naweza kukubaliana na Fundi, ingawa alama za CONNMARK zingeniruhusu kuiacha 4G ibebe simu za wafanyakazi na picha, huku faiba ikibebeshwa video na malipo.

#24 Binti_Themi

Na bando la 4G la mwezi, ambalo lisipotumika linaisha muda wake, Fundi atamweleza nini bosi wa Njiro anapolitia sahihi?